Chanjo Isivalishwe Sare ya Chama

Endulen ni kata iliyomo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Iko mbali na bahari, na wengi wa wasomaji wetu wa Visiwani hawajapata kuitia machoni. Ni nchi ya miinuko na baridi ya asubuhi, nchi ya wafugaji wa Kimasai, yenye hospitali ya Kanisa Katoliki ambayo kwa miaka mingi imekuwa tegemeo la watu waliotawanyika katika maboma ya mbali. Leo tunaichagua Endulen kuwa mada yetu kwa sababu yaliyotokea huko yana funzo kwa kila kiongozi anayetaka wananchi wakubali chanjo, awe Bara, Unguja au Pemba.

Funzo lenyewe ni hili. Mwananchi anapoletewa sindano, hutazama kwanza mkono unaoishika. Ikiwa mkono huo anauamini, atakunja nguo aonyeshe bega. Ikiwa ni mkono uliomdhulumu, au anaodhani unataka kumdhulumu, hata dawa iliyo safi kabisa ataiona ina hila. Basi kila mara Serikali au chama chochote kinapoichanganya chanjo na ugomvi wa siasa, watoto ndio wanaolipa gharama.

Tuanze kwa kuondoa uongo mmoja. Yako maneno yanayosikika katika ofisi zetu, kwamba wafugaji hawapendi chanjo kwa sababu ya ujinga na ukale. Maneno hayo hayana msingi. Wamasai wa Ngorongoro waliijua chanjo zamani, tena kwa uchungu. Katika miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yaliteremka kutoka kaskazini yakafagia mifugo yao, na nyuma yake zikaja njaa na ndui. Msafiri wa Austria, Oscar Baumann, alipopita Ngorongoro mwaka 1892, aliandika juu ya watu waliokonda kwa njaa hata wakabaki mifupa. Kwa jamii inayoishi kwa ng'ombe, huo ulikuwa mfano wa kiyama.

Baadaye sayansi ikaleta jibu. Mnamo mwaka 1960, katika maabara ya Muguga nchini Kenya, Walter Plowright na wenzake walikamilisha chanjo bora ya sotoka. Ng'ombe wakachanjwa mwaka baada ya mwaka. Faida haikuishia zizini. Nyumbu wa Serengeti, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa yapata 250,000, walizidi milioni moja kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, kwa kuwa ng'ombe waliochanjwa hawakuwaambukiza tena. Mwaka 1997 sotoka ilizuka kwa mara ya mwisho kaskazini mwa Tanzania, chanjo ikapigwa, ikazimika. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kuwa sotoka imekwisha kabisa. Mtalii anayepiga picha za makundi ya nyumbu leo ana deni kwa mfugaji aliyekubali ng'ombe wake wachomwe sindano.

Tena si hilo tu. Kuna ndigana kali, maradhi ya kupe yanayoua ndama wengi katika nchi za Afrika Mashariki. Chanjo yake si rahisi, maana mnyama hutiwa vimelea vya ugonjwa wenyewe na papo hapo hupigwa dawa ya kuvizuia. Hata hivyo wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, Ngorongoro ikiwamo, waliipokea kwa wingi, na waliilipia kwa fedha zao wenyewe. Ndama aliyechanjwa hutiwa hereni sikioni, na thamani yake mnadani hupanda. Mtu anayetoa fedha mfukoni mwake ili ndama achanjwe, kisha akasita inapofika zamu ya bega lake mwenyewe au la mwanawe, haitoshi kumwita mjinga. Yatupasa tuulize ni nini kilichomfanya asite.

Tuseme kweli, na tuanze na Chama chetu. Kujikosoa ni mila tuliyofundishwa, na anayejikosoa mbele ya wananchi hapungukiwi kitu.

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia nchini mwaka 2020, Serikali ilitoa takwimu kwa wiki chache, kisha ikaacha, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli aliliambia taifa kwamba chanjo za ugonjwa huo hazifai, na akawaonya maofisa wa afya wasizikimbilie. Viongozi wengi wa Chama wakaitikia. Wakati huo mtu aliyesema hadharani kwamba nchi ilete chanjo alihesabiwa kuwa anasema maneno ya wapinzani. Rais Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Visiwani na mwanachama wa Chama hicho hicho, aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa mbele ya taifa zima pale Ikulu, Dar es Salaam. Dozi za kwanza 1,058,400 zilikuwa zimekwisha kupokelewa.

Kitendo cha Rais Samia kilikuwa cha ujasiri na cha uongozi. Lakini tujiweke katika nafasi ya mwananchi wa kawaida. Katika muda wa miezi sita, Chama kile kile kilimwambia kwanza kwamba chanjo ni mtego, kisha kikamwambia kwamba chanjo ni wajibu. Wapo waliopiga makofi mara zote mbili, bila ya kueleza ni kitu gani walichojifunza katikati. Wapo pia waliokataa kugeuka. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo Mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM, aliendelea kuipinga chanjo madhabahuni, na Agosti 2021 Bunge likamsimamisha kuhudhuria mikutano miwili kwa matamshi yake. Hivyo aliyetaka chanjo mwezi Januari alionekana mpinzani, na aliyeikataa mwezi Agosti alionekana muasi. Kirusi kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni nani anayekaa Ikulu. Mwananchi aliyeyaona hayo alijifunza kwamba habari ya chanjo ni habari ya utii.

Sisi wa Visiwani tuliyalipa makosa hayo kwa msiba. Mwishoni mwa Januari 2021, siku chache tu baada ya hotuba ya Chato, chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameugua UVIKO-19. Kulitaja jina la ugonjwa kwa kinywa kipana, wakati ambapo wengine waliona haya hata kuvaa barakoa, kulikuwa ni huduma kwa umma. Alifariki Februari 17, 2021. Waliomlilia hawakuwa wa chama kimoja. Wengi wetu tuliokuwa tukishindana naye katika siasa kwa miaka mingi tulisimama katika safu za sala, na hapo ndipo tulipokumbushwa kwamba maradhi hayaulizi kadi.

Sasa turejee Endulen. Huko yalikuwapo mambo mawili kwa wakati mmoja. Miezi ile ile ambayo Serikali ilikuwa ikihimiza chanjo ya UVIKO-19, ndiyo miezi iliyopamba moto habari ya watu wa Ngorongoro kuhama. Serikali ilieleza kwamba watu waliokuwa yapata 8,000 hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959 walikuwa wamefikia karibu 100,000, na kwamba ardhi imeelemewa. Juni 2022 misafara ya kwanza iliondoka kuelekea Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Serikali ilisema kuhama ni kwa hiari. Wakazi wengi walisema hawakuiona hiari hiyo. Tahariri hii haiamui shauri la ardhi. Tunalolitazama hapa ni namna shauri hilo lilivyoigusa afya.

Mwishoni mwa Machi 2022, barua za Serikali zilielekeza fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya skuli za Ngorongoro, fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, zihamishiwe Handeni. Aprili mwaka huo huo, ndege za Flying Medical Service, ambazo tangu miaka ya 1980 zilikuwa zikibeba wagonjwa na kufikisha kliniki za mama na mtoto, pamoja na chanjo, katika maeneo ya mbali, zilisimamishwa. Afisa mmoja anaweza kuwa na maelezo ya kifedha, na mwingine maelezo ya leseni. Lakini mama aliyekaa uwanjani akingojea ndege ya kliniki isiyokuja hasomi waraka. Anaiona tu mbingu tupu, na anasikia kwamba huko Msomera huduma zipo.

Kisha Agosti 2024 likatoka tangazo la Serikali lililofuta vijiji na kata za tarafa ya Ngorongoro katika orodha ya maeneo ya utawala, Endulen ikiwa miongoni mwao. Wananchi kwa maelfu waliingia barabarani wakiwa na mashuka yao mekundu, wakidai vijiji vyao na haki yao ya kupiga kura. Mahakama Kuu mjini Arusha ikalisimamisha tangazo hilo, na mawaziri wakaenda kuwaambia wananchi kwamba utawala na huduma zao vitarejeshwa. Tunaushukuru uamuzi huo. Lakini watu walikwisha kuona kwamba kijiji chaweza kufutwa kwa karatasi.

Basi fikiri, ewe ofisa unayesoma safu hii, maana ya neno kuandikishwa kwa mzee wa Endulen. Anakuja karani wa kwanza na daftari. Anataka jina, idadi ya watu wa boma na idadi ya mifugo, kwa ajili ya kuhama. Anakuja karani wa pili na daftari. Anataka jina, umri na kijiji, kwa ajili ya chanjo. Makarani hao wawili wameshuka katika magari yanayofanana, na pengine wametambulishwa na kiongozi yule yule katika mkutano ule ule. Je, mzee huyo atajuaje kwamba jina alilompa wa pili halitaishia katika daftari la wa kwanza? Akisita, tutamlaumu kwa kukataa sayansi, ilhali hajakataa sayansi. Amekataa daftari.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa wilaya ile ni wagumu wa kuamini. Samunge, kijiji alikotoa kikombe chake Mchungaji Ambilikile Masapila, maarufu kwa jina la Babu wa Loliondo, kimo wilayani Ngorongoro. Mwaka 2011 watu kwa maelfu, kutoka kila pembe ya nchi na nchi jirani, walipanga foleni za magari za kilomita nyingi ili wanywe dawa yake kwa shilingi 500. Walikuwamo viongozi wa chama tawala na wa upinzani, Waislamu na Wakristo, wasomi na wasiosoma. Dawa ile haikuponya yale iliyodaiwa kuponya, na wapo waliopoteza maisha kwa kuacha dawa za hospitali. Hata hivyo tunalo la kujifunza pale. Mzee yule hakumuuliza mtu chama chake, hakumwandikia kodi, wala hakumtishia kumhamisha. Imani ilikuja kwa sababu hapakuwa na hofu. Masapila alifariki tarehe 30 Julai 2021, siku mbili baada ya Rais kuchanjwa. Ingefaa wizara zetu zijiulize kwa nini kikombe kisicho na ushahidi kilifuatwa kwa foleni, na sindano yenye ushahidi ikafuatwa kwa shaka.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria, Kano ikiwa mbele, yalisimamisha chanjo ya polio. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi uliowagawa watu wa kaskazini na wa kusini, na ulikuwa mwaka wa vita vya Iraq. Chanjo iliyoletwa na serikali ya Abuja kwa msaada wa nchi za Magharibi ikaonekana kuwa silaha dhidi ya Waislamu wa kaskazini. Ugomvi ulimalizika mwaka 2004, pale chanjo ilipoagizwa kutoka Indonesia, nchi ambayo watu wa Kano hawakuwa na shaka nayo. Kilichobadilishwa kilikuwa ni mkono unaotoa. Lakini katika miezi ile ya kususa, virusi vya kaskazini mwa Nigeria vilisafiri nchi nyingi, na mwaka 2005 vikafika mpaka Indonesia kwenyewe. Watoto waliolemaa hawakuwa na chama.

Na kuna mahali ambapo wenye shaka walikuwa na haki. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani lilitumia zoezi la bandia la chanjo ya homa ya ini mjini Abbottabad, Pakistan, katika msako wa Osama bin Laden. Habari ilipofichuka, wachanjaji wa polio, wengi wao wanawake, wakaanza kuuawa. Mwaka 2014 Pakistan ilipata wagonjwa 306 wa polio. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilitoa ahadi kwamba haitatumia tena chanjo kuficha ujasusi. Ahadi hiyo ilikuja baada ya makaburi. Asije mtu akatuambia kwamba wananchi wanaoshuku nia ya dola wanaota ndoto za mchana. Dola iliyojiita mwalimu wa ustaarabu ilifanya hivyo hasa.

Na huko huko Marekani, nchi ya maabara na vyuo vikuu, utajiri na elimu havikuwaokoa watu na ugonjwa huu wa kuipima dawa kwa rangi ya chama. Watafiti walilinganisha vifo na orodha za wapiga kura katika majimbo ya Ohio na Florida. Walikuta kwamba baada ya chanjo ya UVIKO-19 kufunguliwa kwa watu wazima wote, vifo vya ziada vya walioandikishwa katika chama cha Republican viliwapita wa chama cha Democratic kwa tofauti kubwa kuliko ilivyokuwa kabla. Basi mfugaji wa Endulen na mwenye nyumba ya kifahari wa Florida ni ndugu katika jambo hili, ila mmoja ana sababu ya ardhi yake na mwingine hana.

Ndugu zetu wa Visiwani, sisi hatuhitaji kufundishwa habari hizi na Marekani. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995 tulifika mahali ambapo jirani alisusa duka la jirani, na wengine wakasusiana harusi, misikiti na hata maziko. Mtu aliyekuwa akifungua mlango asubuhi alitazama kwanza bendera iliyo juu ya paa la mwenzake. Mwaka 2009, kabla ya Maridhiano, chanjo ya kunywa ya kipindupindu ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, Chaani na Mwambe zikiwamo. Yapata nusu ya waliostahili walikunywa dozi zote mbili. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba iliwakinga sana walioinywa, na kwamba pale walipoinywa wengi, hata jirani ambaye hakunywa alipata kinga. Tulitafakari hilo. Mtu aliyemsusia jirani yake salamu alikuwa akimlinda na kipindupindu bila ya wote wawili kujua.

Mwandishi wa safu hii alisoma chuoni kabla ya kuingia skuli. Anakumbuka siku walipokuja wauguzi na masanduku yao ya baridi, na watoto wakatawanyika nyuma ya minazi. Mwalimu wetu wa Kurani, mzee mkali asiyependa maneno mengi, hakutuita. Alikaa kwenye mkeka, akakunja mkono wa kanzu yake mbele ya muuguzi, akasoma Bismillahi, akatutazama. Tulirudi mmoja mmoja. Ndiye aliyetufundisha pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza watu kuingia katika nchi yenye tauni na kuwakataza waliomo wasitoke. Yaani kujikinga si kukosa tawakuli. Mzee yule hakuwa na cheo chochote katika utawala. Alikuwa na kitu ambacho cheo hakikipi, nacho ni kuaminiwa na wazazi wetu wote.

Kutokana na hayo, tunayo haya ya kuwaambia viongozi wa Serikali na wa vyama vyote.

Kwanza, chanjo isije katika msafara wa siasa. Gari la chanjo lisibebe bendera ya chama, wala mchanjaji asivae sare ya chama. Pasiwe na mkutano ambao kiongozi anatangaza chanjo kwa pumzi ile ile anayotangazia amri ya kuhama, ya kubomoa au ya kutoza. Mkuu wa wilaya mwenye mambo mawili ya kusema na ayasemee siku mbili.

Pili, huduma ya afya isigeuzwe fimbo. Pakiwa na mgogoro wa ardhi, mgogoro huo upelekwe mezani na mahakamani. Zahanati ibaki wazi, ndege ya wagonjwa iendelee kuruka, na friji ya chanjo iendelee kupoza. Siku Serikali inapoondoa huduma ili kumsukuma mtu ahame, siku hiyo imempa sababu ya kuishuku kila huduma itakayorudi baadaye.

Tatu, daftari la chanjo libaki kliniki. Wananchi waambiwe wazi, kwa lugha yao, kwamba jina lililoandikwa kwa ajili ya chanjo halitatumika kwa uhamisho, kwa kodi, kwa uchaguzi wala kwa polisi. Kisha ahadi hiyo itunzwe. Ahadi moja ikivunjwa Endulen, itasikika Loliondo, na haitachukua muda kusikika Micheweni.

Nne, watangulie wanaoaminiwa. Kwa Wamasai watangulie malaigwanani na akina mama wenye sauti katika maboma. Kwetu watangulie maimamu, walimu wa vyuo na wazee wa barza, na wasimame pamoja kiongozi wa CCM na kiongozi wa upinzani, bega kwa bega, wote wawili wakachanjwa kwa sindano za sanduku moja. Tena wafugaji wana mlango wao uliokwisha kufunguliwa. Nchini Chad, katika miaka ya 2000, mganga wa mifugo na mganga wa watu walisafiri pamoja; siku ng'ombe walipochanjwa, watoto wa wafugaji nao walichanjwa. Ngorongoro, ambako ndama huvaa hereni ya chanjo, ni mahali panapostahili mpango kama huo.

Tano, viongozi wakiri makosa. Mwanzoni mwa mwaka 2022 waliokamilisha chanjo ya UVIKO-19 nchini walikuwa chini ya watu 10 katika kila 100. Mwaka mmoja baadaye walikaribia nusu ya Watanzania. Kazi hiyo ilifanywa na wahudumu waliokwenda nyumba kwa nyumba na soko kwa soko, wakajibu maswali bila ya kutukana. Ingekuwa nyepesi zaidi kama sisi wa Chama tungesimama na kusema kwamba yale tuliyoyaitikia Januari 2021 yalikuwa makosa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Chama kiliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Waliitikia kwa sababu waliona faida yake ni yao. Heshima ile inaweza kupatikana tena, lakini haipatikani kwa amri.

Ndugu zetu wa upinzani nao tunawaambia neno moja. Dai lenu dhidi ya Serikali laweza kuwa la haki, na ni haki yenu kulisema. Msilipeleke katika bega la mtoto. Mtoto mmoja mwenye surua aweza kuwaambukiza wenzake 12 hadi 18 wasio na kinga, na ili kuizuia surua hapana budi watu 95 katika kila 100 wawe wamekingwa. Anayewaambia wafuasi wake wasuse chanjo ili kuikomoa Serikali, anawakomoa wajukuu zake.

Na mwananchi aliyewahi kukataa asitukanwe. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alikuwa mpishi wa hospitali, na alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona. Miaka mingi baadaye alizunguka nchi yake iliyovunjwavunjwa na vita akiwashawishi wazazi wawape watoto chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyompata, mpaka alipofariki mwaka 2013. Laiti angalidharauliwa siku ile alipokwepa, huenda Somalia ingalimkosa mhamasishaji huyo.

Karibu kila Mtanzania ana kovu dogo begani, alama ya chanjo ya kifua kikuu aliyopigwa akiwa mchanga. Analo Mmasai wa Endulen, analo mvuvi wa Nungwi, analo mwanachama wa CCM na wa ACT. Aliyetuchanja hakutuuliza wazazi wetu walimpigia nani kura. Watoto wanaozaliwa leo Endulen na Pemba wanastahili muuguzi wa namna hiyo, na ni juu ya Chama na Serikali kuhakikisha kwamba anapobisha hodi katika boma au nyumba yoyote, nyuma yake hapana mtu mwingine aliyekuja kwa shughuli nyingine.